Mstari wa Juani

Namna Shekue alivyofika nchi ya Utosini, alipita bonde gani na alilala wapi, hayo tuyaache. Anayetaka habari za njia akawaulize wenye punda. Mimi nawapa habari za nchi yenyewe, na nawaomba mnivumilie mpaka mwisho kabla hamjaanza kusema haiwezekani. Hata mimi nilisema haiwezekani. Shekue akaniangalia tu, akasema, "Wewe hujaenda."

Na huyu Shekue si mtu wa porojo. Alikuwa karani wa kupima pamba mpaka alipostaafu, mtu mkavu, haongezi neno wala hapunguzi. Ukimuuliza habari za msiba, atakwambia kwanza maziko yalianza saa ngapi. Basi aliyoyaona kule aliyasema kama anavyosoma mizani, nami nayasema kwa mdomo wangu, ambao, Mungu anisamehe, hauna ukavu ule.

Mpakani alipokewa na Ofisa wa Vivuli. Ofisa alikuwa amekaa chini ya kibanda kizuri, na wasafiri wamepanga foleni juani.

"Nini hicho kichwani?" akaulizwa.

"Kofia."

"Naona kwamba ni kofia, mzee wangu. Nauliza inatoa kivuli kiasi gani."

Shekue, ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kupima, aliona haya kujibu kuwa hajawahi kukipima. Ofisa akashuka na kamba, akamsimamisha wima, akakipima kivuli cha kofia pale chini, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kofia ikawekwa kwenye rafu pamoja na nyingine. Ataichukua siku ya kutoka.

"Sasa nisikilize," akasema ofisa. "Kivuli cha mwili wako unaruhusiwa kuingia nacho, maana hatuna namna ya kukibakiza hapa. Lakini uangalie kinaangukia wapi. Kikimwangukia mtu akapata nafuu, umefanya biashara bila leseni."

Shekue alidhani anataniwa. Hakutaniwa. Utosini jua halina msimu. Linawaka mwaka mzima, na zamani za zamani wakubwa wa nchi waliamua kwamba kitu kinachotakiwa na kila mtu hakiwezi kuachwa ovyo bila mwenyewe. Basi kila kivuli kina mwenyewe. Kivuli cha ukuta ni cha mwenye ukuta. Kivuli cha ng'ombe ni cha mwenye ng'ombe, na Shekue aliwaona kwa macho yake watu wazima wawili wamepelekwa barazani kwa kosa la kupumzika ubavuni mwa ng'ombe wa watu. Ng'ombe aliitwa kutoa ushahidi. Alikuja, akasimama, na mahakama nzima ikajisogeza upande wa kivuli chake.

Alifikia kwa mama mmoja aitwaye Mwanatumu, anayekaa na binti yake Zeyana, mtoto wa miaka tisa hivi. Asubuhi ya kwanza, jua halijatoa hata ukucha, mlango ukagongwa. Kijakazi wa mwenye nyumba amekuja na funguo.

"Haya jamani, kumekucha, tokeni."

Mwanatumu akatoka na mtoto na ndoo na sufuria, kama mtu aliyezoea. Shekue akatoka na kandambili mkononi.

"Tumefukuzwa?" akauliza.

"Nani kafukuzwa? Tutarudi magharibi," akasema Mwanatumu. "Mwenye nyumba ametupangisha nyumba, kivuli hajatupangisha. Usiku hakuna kivuli, kwa hiyo usiku nyumba ni yetu. Mchana kuna kivuli humo ndani, na kivuli ni chake."

"Anakitumia?"

"Anakifungia."

Shekue akasema hakuwahi kusikia sheria ya kijinga kama hiyo. Mwanatumu akacheka, akasema sheria si ya kijinga hata kidogo, wajinga ni wao wanaoitii, na yeye ni mmojawapo.

Kazi ya Mwanatumu ilikuwa kushika mwavuli. Kila siku alimshikia mwavuli bibi mmoja wa mjini, na kazi hiyo ina ustadi wake: mwavuli unashikwa kwa mkono ulionyooka, mshikaji akisimama upande wa jua, ili kivuli kisimguse hata kidole. Kikimgusa ameiba. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana, na mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi zaidi kuliko wa kushoto. Alijivunia ustadi wake na aliuchukia kwa pamoja, na sioni ajabu hapo. Wangapi kati yenu hamko hivyo?

Na Zeyana alikuwa mtoto mwenye ualbino. Sasa mmeelewa. Katika nchi zote za dunia, ambayo mtoto kama huyu asingefaa kuzaliwa ndiyo hiyo. Jua likimkaa kitambo kidogo ngozi inaiva, ikiendelea inatoka malengelenge, na mganga wa zahanati alikwisha kumwambia mama yake wazi kwamba malengelenge ya kila mara yatakuja kuwa donda lisilopona.

Kilichomweka mtoto huyu hai kilikuwa mti wa mkungu. Katikati ya mtaa wao uliota mkungu mkubwa, umepanda ghorofa kwa ghorofa kama mikungu inavyopanda, na kwa usahaulifu wa karani fulani wa kale haukuwahi kuandikishwa kwa mtu. Ndicho kivuli pekee cha bure kilichobaki Utosini. Wazee walikaa hapo, wachuuzi walipumua hapo, na Zeyana alishinda hapo tangu alfajiri hadi magharibi, akijisomea, akihama na kivuli kila kilipohama.

Shekue alikuwa amefika msimu wa uchaguzi. Chama kinachotawala kinaitwa Chama cha Mwavuli, na mgombea wake, Mheshimiwa Bakilana, alikuja kuhutubia pale pale chini ya mkungu. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya mtu aliyeshiba. Alisema mkungu ule ni hazina ya taifa, na kwamba inamuuma moyoni kuona unavyotumiwa.

"Ndugu wananchi, kivuli kikikaliwa na watu wengi kinachujuka! Wataalamu wamethibitisha! Nichagueni, na siku ya pili yake nitaujengea mti huu ukuta, ukuta imara, wenye mlango mmoja na bawabu, ili tuuhifadhi kwa ajili ya watoto wetu!"

"Watoto wa nani?" akauliza Mwanatumu kwa sauti.

"Wetu," akasema Mheshimiwa Bakilana, akimaanisha hivyo hasa. Watu wakapiga makofi. Waliokaa kivulini wakapiga kwa nguvu zaidi, maana walikuwa wamepumzika.

Chama cha upinzani kinaitwa Kivuli Sawa, na hicho ndicho chama cha Mwanatumu. Alikuwa nacho tangu kilipoanzishwa. Kinasema kivuli hakina mwenyewe, kwamba aliyeumba jua ndiye aliyeumba na kivuli, na kwamba nyumba zifunguliwe mchana na mkungu ubaki wazi. Shekue aliposikia hayo alisema, basi hapa hakuna mjadala, watu hawa watashinda. Akaenda na Mwanatumu kwenye mkutano wao kwa shauku.

Mkutano ulifanyika saa saba mchana, katikati ya uwanja, juani kweupe. Shekue aliuliza kwa nini wasikutane jioni. Akajibiwa na katibu wa chama, Ndugu Lutengano, kijana msomi, mwembamba, mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja na moyo safi kabisa, kwamba kukutana jioni kungekuwa kuukubali mfumo.

"Hatutagusa kivuli mpaka wote wapate kivuli," akasema Ndugu Lutengano. "Hilo ndilo linalotutofautisha na wale."

Ajenda ilikuwa ni namna ya kuwapata wapiga kura wa mitaa ya chini. Haikufikiwa. Maana katikati ya mkutano lilipita wingu. Utosini wingu ni tukio; kina mama walitazama juu na mmoja akasema "Aaah!" kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Bahati mbaya wingu lenyewe lilikuwa dogo. Liliwafunika walioketi kushoto tu, wa kulia wakabaki wanaungua.

"Ndugu, inukeni!" akapiga kelele Lutengano. "Inukeni, msilipokee! Haligawanywi sawa!"

Na wale wa kushoto, wallahi, wakainuka. Wazee wenye magongo wakainuka, wakahama kutoka kwenye kivuli cha wingu kwenda juani, wingu likawa linawafuata, nao wanalikimbia. Lilipokwisha kupita wakajadili azimio la kulilaani. Kundi moja likataka lilaaniwe wingu. Kundi la pili likasema wingu halina kosa, ulaaniwe upepo uliolileta. La tatu likasema kulaani upepo ni kukiri kwamba upepo una mamlaka. Jua likashuka, kundi la tatu likatoka kwa hasira, likaunda chama chake kiitwacho Kivuli Sawa Hasa.

Jioni ile, wakisubiri mlango ufunguliwe, Shekue alishindwa kujizuia.

"Mama Zeyana, usinielewe vibaya. Lakini hawa watu wako ni wapumbavu."

"Najua," akasema Mwanatumu. Alikuwa anaukanda mkono wake wa mwavuli. "Unadhani mimi sina macho? Nimekimbia wingu leo, mtu mzima mimi. Lakini nikuulize, bwana wangu: Bakilana ni mpumbavu?"

"Hapana."

"Si mpumbavu hata chembe. Anajua anachotaka, na anachotaka ni mkungu wa mwanangu. Hawa wangu hawajui wanachotaka, lakini walau si mkungu wa mwanangu. Na siku mwanangu alipolazwa, hawa ndio walioshinda na mimi mlangoni mwa zahanati. Walibishana tangu asubuhi hadi jioni, lakini walishinda. Niende kwa nani tena?"

Mwanatumu akaendelea, sauti imeshuka: "Kila uchaguzi najiambia, safari hii. Nikiwa nafua, nikiwa nimesimama na ule mwavuli wa watu, najiona nimeufungua mlango wangu saa sita mchana, nimeingia nimelala. Sitaki kikubwa. Nataka nilale mchana nyumbani kwangu na mwanangu yuko ndani."

Jirani yao Shangwe, mshika mwavuli mwenzake, alikuwa anasikiliza. Akasema yeye mwaka huu anaingia mstari wa Mwavuli.

"Wewe Shangwe? Wewe uliyetuimbisha?"

"Mimi. Chaguzi zote nimesimama juani nikashindwa. Mwaka huu nitashindwa nikiwa nimekaa."

Maana kura ya Utosini haipigwi kwa karatasi. Watu hukusanywa uwanjani, ambao umezungushiwa mpaka wa chokaa, na kila mtu husimama kwenye mstari wa mgombea wake tangu saa sita mpaka kengele ya alasiri. Kengele ikilia, wanaohesabiwa ni wale waliomo mstarini na ndani ya chokaa. Aliyetoka kujisaidia, aliyezimia, aliyechoka, hao wamejiondoa wenyewe. Sheria inaliita jambo hili uhuru wa kubadili mawazo.

Siku ilipofika, Mwavuli walikuwa wametandika mikeka chini ya turubai refu kama treni. Kulikuwa na sharubati ya baridi, vijana wa kupepea, na bendi. Mwenyekiti wa Tume, ambaye sheria inamkataza kuegemea upande wowote, aliweka kiti chake chini ya turubai lile lile, akafafanua kwamba amekifuata kivuli, hakukifuata chama. Mgombea wa Kivuli Sawa, Ndugu Kasongwa, alisimama upande wa pili wa uwanja akiwa kichwa wazi, na mstari wa watu wake ukaanza kujipanga nyuma yake.

Na ulikuwa mrefu! Shekue aliyekuwa amesimama nje ya chokaa na wageni wengine aliuona unazidi kukua, na moyo ukaanza kumdunda kama yeye ndiye mpiga kura. Washika mwavuli, wafua nguo, wapasua mawe, watu wa mitaa ya chini ambao mkutano haukupata nafasi ya kuwajadili, wote wamekuja wenyewe. Hata turubai liliingiwa na wasiwasi, bendi ikakosea.

Mwanatumu alikuwa katikati ya mstari, na Zeyana ubavuni mwake. Hakuwa na pa kumwacha. Nyumba imefungwa, na mkungu siku ile ulizungushiwa kamba kwa amri ya Tume, ili kivuli kisije kikawashawishi wapiga kura. Alimvika mtoto nguo za mikono mirefu, akamfunga kitambaa, akampaka mafuta. Kutandaza khanga juu ya kichwa cha mtu mwingine ni kosa, na mawakala wa Tume walikuwa wanapita.

Saa sita mambo yalikwenda sawa. Jua lilikuwa utosini, kila mtu kivuli chake kiko chini ya nyayo zake. Ila alasiri ilipokaribia vivuli vikaanza kurefuka, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kivuli cha wa mbele kilianza kumwangukia wa nyuma.

Ndugu Lutengano akaja mbio kando ya mstari, jasho linamtoka. "Ndugu, achaneni! Msikanyage kivuli cha mwenzenu! Wa nyuma arudi nyuma!"

Wakarudi nyuma. Vivuli vikarefuka tena, wakarudi tena. Mstari ukawa unarefuka, na Shekue, macho yake ya mizani yakiangalia mkia, akaona kitu kilichomkausha mate. Mkia ulikuwa unaikaribia chokaa. Kisha ulikuwa umeifikia. Kisha mtu wa mwisho akarudi hatua moja kwa utiifu, akatoka nje ya uwanja, na wa pili wake akamfuata.

"Ndugu katibu!" akaita Shekue. "Mkia wenu unatoka nje! Hawatahesabiwa hao!"

Lutengano akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mgeni wetu, historia haipimwi kwa chokaa."

"Lakini kura zinapimwa!"

"Kura haina thamani tukiwa tumeanza kunyonyana vivuli," akasema Lutengano, akaenda zake.

Huku katikati, Zeyana alikuwa ameanza kulia. Hakulia kwa kelele, alilia kimya kama watoto waliozoea maumivu. Mashavu yalikuwa mekundu na mdomo umeanza kupasuka. Mbele yao alisimama Mbonde, mpika mandazi, mtu wa mwili, mwenye kivuli cha kutosha familia. Mwanatumu akatazama kulia, akatazama kushoto, akamsukuma mwanawe hatua mbili mbele, ndani ya kivuli cha Mbonde. Mbonde akaelewa. Hakugeuka, ila alitanua mikono na miguu akawa kama mlango wa banda.

"Sogeeni mbele na nyie!" Mwanatumu akawaambia walio nyuma yake. "Sogeeni tubanane! Watu wetu wanatoka nje ya chokaa, hamwoni?"

Wachache wakasogea. Mkia ukavutika kidogo kurudi ndani. Shekue akapiga makofi huko aliko, peke yake, kama mwendawazimu.

Lutengano akafika na watu wawili wa Kamati ya Maadili.

"Ndugu Mwanatumu, nini hiki?"

"Ni mtoto."

"Namwona mtoto, nampenda mtoto. Nauliza habari ya kivuli. Umejipatia kivuli binafsi ndani ya mstari wa Kivuli Sawa."

"Lutengano, mtazame usoni. Anaungua."

"Sote tunaungua, ndugu yangu!" Na machozi yalimlengalenga kweli, Shekue aliyaona. "Leo nikikuruhusu wewe, kesho nitamzuia nani? Tutakuwa na tofauti gani na wale?"

"Tofauti ni kwamba kwa wale mwanangu angekuwa chini ya turubai!"

Kamati ikashauriana pale pale. Ikaona kwamba Mbonde ametoa kivuli kwa mmoja bila kuwapa wote, na Mwanatumu amekipokea, na amewachochea wengine. Wakatolewa wote wawili. Waliokuwa wamesogea wakarudi walipokuwa haraka haraka, wengine wakitazama vidole vya miguu yao. Mimi hapo ndipo ninapowachukia, na nawachukia kwa sababu ningefanya vivyo hivyo.

Mwanatumu akabaki amesimama katikati ya uwanja mtupu, kampakata mtoto kifuani, mgongo wake umelielekea jua. Kutoka chini ya turubai kijana mmoja wa Mwavuli, msafi, mwenye adabu zote, akamwita.

"Mama, karibu. Mlete mtoto hapa, kuna maji."

"Mchukue yeye. Mimi nabaki."

"Samahani mama yangu, mtoto haingii bila mpiga kura."

Shekue alimwona anavyotazama mkungu wenye kamba kule mtaani, kisha anatazama turubai, kisha uso wa mtoto. Mwanatumu alijua anachoulizwa. Akiingia pale na kengele ikalia, atakuwa ameuza mkungu kwa mkono wake mwenyewe. Zeyana akasema, "Mama, nasikia kizunguzungu."

Akaingia. Akaketi kwenye mkeka, akampa mtoto maji, na kengele ilipolia alikuwa analia kwa kwikwi mbele za watu, na mhesabu wa Tume alimgusa begani kwa kalamu akamtia kwenye hesabu ya Bakilana.

Kivuli Sawa walishindwa. Waliokuwa nje ya chokaa, wakiwa wameachana vizuri sana bila mtu kumkanyagia mwenzake kivuli, walikuwa wengi kuliko tofauti ya kura. Ndugu Kasongwa alihutubia akasema huu ni ushindi wa kimaadili. Mstari wetu, akasema, ulikuwa mrefu kuliko wao, na hilo lilikuwa kweli tupu. Watu wakaimba.

Asubuhi yake mafundi wa Bakilana walikuwa wameshaanza kumwaga msingi kuuzunguka mkungu. Mlango wa nyumba uligongwa kama kawaida, watu wakatolewa kama kawaida. Uso wa Zeyana ulikuwa umevimba, malengelenge yamejaa mashavuni na shingoni, jicho moja halifunguki. Ilibidi apelekwe zahanati, na zahanati iko ng'ambo ya uwanja, ule ule, mweupe, usio na hata kichaka. Mwanatumu alikuwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mtoto nyuma ya gauni lake, anauangalia uwanja. Shekue alijitolea kumbeba mtoto akimbie naye. Mwanatumu akamwambia hata ukikimbia, jua linakimbia kuliko wewe.

Hapo wakatokea Ndugu Lutengano na wanachama kama kumi hivi, wakijadiliana njia nzima. Lutengano alikuwa na karatasi.

"Ndugu Mwanatumu," akaanza, "kamati imekaa usiku. Nimetumwa nikusomee azimio kuhusu usaliti wako. Naomba ujue kwamba binafsi naumia."

Akasimama vizuri, akakohoa, akaanza kusoma. Jua lilikuwa limetoka tu nyuma yake, na kivuli chake kilianguka chini kirefu, kikapita mbele ya mguu wa Mwanatumu, kikaenda hadi kwenye mlango. Azimio lilikuwa na utangulizi. Lutengano alikuwa bado kwenye utangulizi Zeyana alipotoka nyuma ya mama yake, akaingia kwenye kile kivuli, akatulia, akashusha pumzi.

Lutengano aliinua macho, akamwona. Akaruka pembeni kama aliyekanyaga moto.

"Rudi hapo," akasema Mwanatumu.

"Ndugu, siwezi, nita..."

"Lutengano. Rudi hapo uliposimama."

Haikuwa sauti ya kuomba. Lutengano akarudi. Kivuli kikarudi juu ya mtoto. Mwanatumu akawageukia wale wengine.

"Na wewe njoo usimame ubavuni mwake. Na wewe. Shekue, na wewe, kule mwisho. Karibianeni. Jamani, karibianeni! Mabega yagusane. Hivyo hivyo."

Wakajipanga, hawajui kwa nini wanatii. Vivuli vyao vikaungana pale chini vikawa kimoja, kipana, cha kumtosha mtoto na nafasi ikabaki. Mwanatumu akakitazama. Miaka yote aliyokuwa katika chama hicho, hakikuwahi kumpa kivuli hata cha kuweka sahani.

"Sasa tutavuka uwanja," akasema. "Nyinyi upande wa jua, mwanangu upande huu. Mwendo mmoja."

Wakanong'onezana. Lutengano akakunja karatasi yake, akainua kidole.

"Hatukatai, ndugu. Ila kabla hatujaondoka ni lazima tukubaliane kimsingi ni nani anayepaswa kusimama wapi, na kama kitendo hiki hakipingani na..."

"Jadilianeni huku mnatembea," akasema Mwanatumu, akamshika mwanawe mkono.